Kibodi ya Marehemu

Rodgers alikuwa mtaalamu wa kompyuta, na pale Same mjini asiyelijua hilo aliambiwa kabla hajauliza. Kwa hiyo taa za kibodi zilipogoma kuwaka, alijiona ametukanwa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, katibu wa wakulima wa tangawizi kule Mamba. Huko milimani kitu cha marehemu hakiguswi mpaka tanga lianuliwe na ukoo ukae ugawe. Lakini msomi mzima asubiri vikao vya wazee? Aliitia begini siku ile ile ya mazishi, watu wakiwa bado wanakula, akateremka nayo.

Alibonyeza kitufe cha taa. Akaingia kwenye mipangilio, akasasisha, akazima, akawasha. Giza.

Mama yake, Dorkas, akapiga simu.

"Mwanangu, irudishe. Tanga la baba yako bado halijaanuliwa."

"Mama, ni taa za kibodi tu zimegoma; huwaka kidole kikigusa, huzima kikitoka. Mizimu haina vidole."

Alicheka peke yake, maana hakuna mwingine ambaye angecheka. Mchana huo alifunga mapazia ili azione vizuri zikiwaka, akabonyeza tena, wapi. Akaenda jikoni kutafuta bisibisi.

Ndipo aliposikia, tk... tk..., taratibu, kwa vidole viwili, kama alivyochapa marehemu maisha yake yote, na kabla hajageuka ikamfikia harufu ya tangawizi mbichi, ile aliyokuwa akiitafuna mzee kutwa na ambayo Rodgers aliichukia tangu utotoni, na alipochungulia sebuleni herufi zote zilikuwa zinang'aa, vitufe vinazama kimoja kimoja, na kiti kilikuwa kitupu.

"Shoti," alisema kwa sauti ndogo. Hata woga wake aliutafutia maelezo ya kitaalamu. Akakaa, akaweka mikono juu ya kibodi. Taa hazikuzima. Kiburi kikamrudia palepale, akampigia mama yake.

"Zimewaka, mama. Nilikwambia ni ufundi tu."

Mama yake akamkatiza.

"Rodgers, unatafuna nini?"

Hapo ndipo alipohisi ulimi unawaka. Alitaka kutema, taya likakataa. Kidole cha mkono usioshika simu kilikuwa kinachapa chenyewe.

Dorkas alipozungumza tena, hakuzungumza na mwanawe.

"Baba Rodgers," alinong'ona, "nakuomba, mwachie mtoto wangu."

Taya liliendelea kutafuna.