Pombe ya Posa Niliyoipeleka Kwenye Tamasha la Mvinyo

Vibuyu vitatu vya pombe ya asali, posa moja, na jina zuri la mama mjane. Hiyo ndiyo gharama ya Jumamosi yangu moja. Nimehesabu mara mbili, jumla ni ileile.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, Mwiraqw wa Rhotia, naishi Karatu mjini na mke wangu na watoto watatu. Ni dalali wa vitunguu vya Mang'ola. Mtu akiniletea gunia nalipima, halafu nalipima tena akiwa anaangalia pembeni. Sijawahi kupunjwa. Naandika haya kwa sababu safari hii aliyepunja ni mimi...

Starehe yangu ni mvinyo. Msinicheke. Miaka michache iliyopita mteja wangu alinipeleka kwenye bustani ya loji moja hapa Karatu, siku ya kuonja mvinyo wa nchini. Kulikuwa na wa zabibu kutoka Dodoma, mkavu na mtamu, wa ndizi, na wa rozela. Nikafundishwa kuzungusha glasi, kuingiza pua, kusukutua, halafu kutema kwenye ndoo. Kutema! Nikauliza kama anayetema anapunguziwa kiingilio. Wakasema hapana. Basi mimi nikameza.

Lakini nilipapenda. Watu wazima wamesimama juani wanabishania harufu kama wanaobishania mpaka wa shamba. Tangu siku hiyo sikukosa tamasha hata moja. Mwisho nikaanza kutengeneza rozela yangu nyuma ya nyumba, na mwaka jana nikaomba meza. Nikapewa.

Sasa nina rafiki, Sironka, Mmasai wa kule Endulen. Mke wangu alipojifungua kwa upasuaji, aliyetoa damu ni yeye. Mama yake, ambaye ni mjane, sote tunamwita Yeyo, yaani mama. Nikimsalimu nainamisha kichwa, ananigusa utosini kama anavyowagusa wanawe.

Wiki ileile ya tamasha, kitinda mimba wa Yeyo, Lemayan, alikuwa anaposa. Kwao posa haiendi bila pombe ya asali. Wapikaji ni wawili, mwanaume na mwanamke, na tangu asali inapochanganywa mpaka pombe iive, hakuna kati yao anayeruhusiwa kulala na mtu. Mwiko ukivunjwa, wanasema, pombe inaharibika. Waliopika ni Yeyo na shemeji yake, mzee wa watu, mpole. Mwiko huo niliujua. Sironka alinisimulia zamani, nikamtania kwamba mimi nisingeweza hiyo kazi hata kwa malipo.

Ijumaa Sironka alinishushia vibuyu vitatu vikubwa, vikae karibu na jiko langu vipate joto. Jumapili ningewabeba wote kwa pikapu yangu mpaka kwa wakwe, upande wa Mang'ola.

"Kaka, hii usiiguse hata kwa kidole," akasema.

"Mimi nakunywa mvinyo," nikamjibu, "siyo dawa za wazee."

Akacheka, akarudi Endulen kuwafuata wenzake.

Jumamosi asubuhi nikafungua rozela yangu. Siki! Chupa zote. Ilifaa kachumbari tu. Na kule bustanini kuna meza yenye jina langu, nimeshatangazia soko zima...

Nikavitazama vile vibuyu. Nikaonja kijiko kimoja. Ndugu zangu, sijawahi kuonja kitu kama kile.

Hapo ndipo akili yangu ya udalali iliponiponza. Nikisema nichukue kibuyu kimoja, kila mtu anajua kuhesabu mpaka tatu. Lakini nikitoa theluthi kwenye kila kimoja, nikajazia maji ya kuchemsha, sukari na asali ya dukani, vibuyu vinabaki vitatu na uzito unabaki uleule. Nikajiona mjanja. Nikapima kwa kopo, nikapima tena, nikajaza chupa zangu na kwenda nazo bustanini.

Meza yangu ilijaa watu kuliko zote. Waongoza watalii, wageni wao, watu wa Arusha na miwani yao. Mama mmoja alizungusha glasi, akanusa, akafumba macho. "Ina moshi," akasema, "halafu kama maua." Akatema kwenye ndoo. Mwingine akatema. Na mwingine... Kufika mchana chupa zimeisha. Mngekuwa ninyi mngefunga meza, sivyo? Mimi nilirudi nyumbani mbio nikachota tena, nikajazia tena. Jioni nilipewa cheti cha nafasi ya pili, nikapigwa picha nimekishika. Kisha nikaibeba ndoo ya kutemea, nikaimwaga kwenye maua ya loji kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumapili tukaenda. Wazee wa upande wa binti walikuwa wamekaa wanatusubiri. Desturi ni hivi: mzee wao mkubwa anachukua pombe mdomoni, halafu anamnyunyizia mposaji kwa midomo yake. Hiyo ndiyo baraka. Lemayan akapiga magoti mbele yake, kifua wazi, mafuta yanang'aa.

Mzee akachukua funda. Akaizungusha mdomoni, kama walivyofanya wale wa jana. Kisha akageuza uso, akatema chini, kando ya mguu wake.

Akauliza kitu kwa Kimaasai. Sironka akaninong'oneza kwamba anauliza nani kapika. Yeyo akajibu kuwa ni yeye na shemeji yake. Vibuyu vingine viwili vikaonjwa. Hali ni ileile. Mzee mwingine, mwenye ulimi mkali, akasema neno na wenzake wakacheka chinichini. Nililazimika kumuuliza Sironka mara mbili ndipo akanitafsiria, bila kunitazama.

"Kasema, basi shemeji ndiye anayejua kwa nini imekuwa maji."

Yule mzee mpole akasimama, akaapa kwa jina la baba yake. Hakuna aliyemwangalia. Yeyo alivuta shuka yake mpaka kidevuni, mama wa zaidi ya miaka sitini, mbele ya wakwe zake na mbele ya wanawe.

Na mimi? Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Nilichotakiwa kusema ni maneno matano tu: ni mimi, niliweka maji ndani. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile. Sikusema hata moja.

Posa ilivunjika. Binti ameshaposwa na watu wengine. Shemeji mtu hakanyagi tena bomani kwa Yeyo. Lemayan kahamia Oloipiri kwa wajomba zake, na hasemi na mama yake, kwa sababu na yeye ameamini.

Mwezi uliopita Yeyo alikuja Karatu kutibiwa macho, akapitia kwangu. Alikaa chini ya kile cheti, nilikuwa nimekitundika sebuleni. Akauliza ile karatasi ni ya nini. Nikasema ni ya biashara. Kisha akaniambia kilichomleta.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Ulitubeba kwa gari lako, nami nikakuaibisha mbele ya watu."

Nilipata wapi nguvu ya kukaa kwenye kile kiti? Nikakimbilia ndani nikatoa madebe mawili ya asali, nikamwambia achukue. Akayasukuma pembeni taratibu.

"Asali ya nini? Mikono yangu haitakiwi kupika tena."

Alipoondoka nikainamisha kichwa. Akanigusa utosini, kama siku zote...

Wenzangu, ukiwekewa kitu cha watu, usikionje. Usijiambie kwamba ukipunguza kidogo kidogo haitaonekana. Mtu mwingine atakilipia, naye hatajua hata analipia nini.

Mke wangu, ambaye nilimweleza juzi, anasema nipeleke ng'ombe mtamba kama fidia na nikaseme mbele ya wazee walewale, palepale. Sironka akijua sijui itakuwaje. Mtoto wangu wa kwanza na mama yake wapo hai kwa damu yake. Maisha yangu yote nimejua bei ya kuanzia na bei ya kumalizia. Hapa sijui hata pa kuanzia.

Cheti nimekishusha. Nianze kwa nani: kwa Yeyo, kwa Lemayan kule Oloipiri, au kwa yule mzee aliyetema? Na nilipe nini? Naombeni ushauri wenu, na tafadhali, msinipunguzie.