Loyce Akinyamaza

Tii. Halafu kimya. Halafu tii tena.

Loyce alifumbua macho gizani. Mwanawe Mughwai alikuwa amelala ubavuni kwake, na mlio ulitoka sebuleni, juu ya meza ya cherehani, pale ilipokaa kompyuta ya akiba. Maana yake aliijua, maana ni yeye aliyeipanga ilie hivyo: Loyce hajibu.

Loyce huyo hakuwa yeye. Ilikuwa kompyuta ya ofisini kwao, mjini Singida, iliyowasha na kuzima pampu za maji za vijijini kwa ratiba, leo Ikungi, kesho Nduguti, bila mtu kugusa swichi. Mvua zilizopita radi iliiunguza ile ya zamani, watu wakajaa ofisini na ndoo tupu wakitukana. Ndipo bosi Fredrick akasema safari hii wajipange kabla ya balaa: kompyuta ya pili ikae mbali, kule Mandewa anakopanga Loyce, kwenye sola. Kazi yake ni kuiuliza ya kwanza, usiku na mchana, upo? Ikijibiwa nipo, itulie. Ikikosa jibu, ichukue kazi.

"Zinataka majina," Fredrick alisema siku ya kuziunganisha.

"Ya kwanza iite Loyce. Si mimi ndiye punda wa ofisi hii?"

"Na ya akiba? Weka Peniel, jina la mumeo."

"Thubutu! Huyo mimi nikinyamaza ndiyo anazidi kukoroma."

Wakacheka. Bado anacheka, Loyce akaandika Janeth. Janeth alikuwa pacha wake, alikufa wakiwa wote wananyonya, na kwao jina hilo halikutajwa tena. Akaona si vibaya likae mahali. Kisha akaandika na amri: Loyce akinyamaza, Janeth achukue kazi zake zote.

Asubuhi alimweleza Fredrick habari ya mlio. Fredrick akaangalia, akakuna kichwa.

"Mama Mughwai, hii haijanyamaza hata kidogo. Pampu zote zimewaka. Sasa hiyo ya kwako usiku ilikuwa inamuuliza nani?"

Loyce alijaribu kucheka.

Usiku uliofuata alilala kama gogo. Alipoamka kumekucha, matiti yamejaa yanauma, kitenge kimelowa, na Mughwai, mtoto ambaye hajawahi kumwacha alale hadi asubuhi, alikuwa ameshiba, anatabasamu, maziwa yamekaukia pembeni mwa mdomo. Akainama amnuse. Yalinuka kisima kilichofunikwa siku nyingi, tope na kutu.

Alimpigia mama yake akilia, akalitaja jina la Janeth. Mama akafika kutoka Ikungi hata chai hajanywa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jina hilo umempa nani?"

"Kompyuta, mama. Mashine tu."

"Mashine tu! Mtu amelala zake, wewe unamwita, halafu unampa na kazi?"

"Sikujua, mama. Nifanyeje?"

"Futa."

Fredrick akalifuta jina. Wakachomoa nyaya, wakaifunika ile mashine kwa kanga, mama akaomba mpaka sauti ikamkauka. Usiku, chini ya kanga, bila umeme wowote: tii. Kisha nyuma ya pazia sauti ya Loyce mwenyewe ikauliza, taratibu, "Loyce, upo?"

Mama alimfinya mkono. "Jibu!"

"Nipo."

Kukatulia.

"Nakwenda kumfuata mzee Alute, anajua kuvitoa vitu kama hivi," mama alinong'ona alfajiri, anafunga mtandio. "Mpaka nirudi, jibu tu, mwanangu. Usilale."

Usilale, na mtoto mchanga! Loyce alikaa kitandani amemkumbatia Mughwai, ananawa uso kwa maji baridi, anajifinya mapaja, anajibu nipo, anasinzia, anashtuka, anajibu nipo, na kila mara sauti ilikuwa imesogea kidogo, kutoka kwenye pazia hadi kabatini, kutoka kabatini hadi miguuni pa kitanda, na ile harufu ya tope imejaa chumba kizima, mpaka Peniel alipoingia kutoka kazini kwake reli, Itigi, naye akampa mtoto, akasema nishikie kidogo tu, baba Mughwai, nina neno la kukuambia, na akiwa analitafuta hilo neno akaisikia sauti ikiuliza kwa mbali, na mdomo wake haukufunguka.

Alijikuta amesimama sebuleni, kwenye kona ya meza ya cherehani. Miguu baridi, imelowa. Mikono hainyanyuki. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, taa inawaka, na Peniel amekaa kitandani kando ya mwanamke aliyevaa kitenge chake, amesuka kama yeye, anamnyonyesha Mughwai.

"Nipo!" Loyce alipiga kelele. "Peniel, mimi nipo hapa!"

Tii.

Mughwai aliacha ziwa, akageuza kichwa kuitazama kona, akaanza kulia.

"Ile mashine si mliizima?" Peniel aliuliza.

"Tuliizima. Ndiyo kitu chenyewe hicho, baba Mughwai," mwanamke alinong'ona kwa sauti ya Loyce. "Mama anamleta mzee wa watu aje akichokoze. Nitampigia asije. Na wewe usimwambie mtu mwingine."

Tii. Tii. Tii.

"Simwambii mtu mwingine," Peniel alisema, akainuka, akafunga mlango.