Nilichoma Maneno Sita ya Mume Wangu

Nina miaka arobaini na sita. Ni mama wa watoto wanne, naishi Kisangani, na ninauza sabuni na chumvi mbele ya nyumba yangu. Mwaka jana niliitwa bibi mkubwa, mke wa kwanza. Leo naitwa mjane... Nisomeni mpaka mwisho, halafu mnihukumu mtakavyo.

Mume wangu, Papa Mwajuma, aliuza tairi na minyororo ya baiskeli. Alikuwa na wake wawili: mimi upande huu wa mto, na Sakina ng'ambo, Lubunga. Sijaona mwanamume aliyeogopa dhuluma kama yeye! Akinunua kilo mbili za nyama, moja huku, moja kule. Kitenge kwangu, kitenge kwa Sakina, rangi ile ile. Watu walimsifu. Mimi nilichukia. Miaka ishirini na mitatu nimekula naye shida, halafu nigawiwe sawa na mtu aliyekuja juzi?

Kilichomsumbua mume wangu kilikuwa kulipia mali yake Kampala. Mawakala wa kutuma pesa walimkata ada kubwa, na pesa ilikaa siku tatu njiani. Ndipo mpwa wake akamwekea kwenye simu pochi ya Bitcoin, ile ya malipo ya haraka. Hakukubali kuiamini kabla ya kuijaribu. Akaja kwangu, akanifungulia pochi kama hiyo kwenye simu yangu, akachukua kipande cha sabuni.

"Bon, angalia sasa. Nakulipa," alisema.

Sijamaliza kusema bismilahi, simu ikalia. Bei ya sabuni ilikuwa imefika, na ada yake haikufikia bei ya karanga moja! Alicheka mpaka akashika kiuno. Wiki ile ile akajaribu na mtu wa Kampala, ikafika vilevile. Taratibu akahamishia humo akiba yake yote.

Pochi ile ilikuwa na maneno kumi na mawili ya siri, ya Kifaransa. Simu ikipotea, maneno hayo ndiyo yanayorudisha pesa kwenye simu nyingine. Mtu mwingine angeyaficha mahali pamoja. Yeye aliyagawa kama nyama! Sita kwenye karatasi yangu, sita kwenye karatasi ya Sakina, na yeye mwenyewe hakubaki na nakala.

"Sitaki bibi moja ajione mukubwa kuliko mwenzake," alisema. "Siku nikikufa, mutakaa pamoja, mutaunganisha."

Mimi nikae pamoja na Sakina? Nilipokea karatasi. Siku mbili baadaye, nikipika pondu, kisamvu chetu, niliitoa, nikaitazama... nikaisukuma chini ya sufuria. Nilijiambia: simu ipo, maneno ya nini? Lakini moyoni nilijua nilichotaka. Siku pesa ile itakapobaki bila mwenyewe, Sakina asiiguse! Niliona ikigeuka majivu, na nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi!

Haukupita mwezi. Akirudi kwangu kutoka Lubunga, mume wangu alianguka ndani ya mtumbwi katikati ya mto. Abiria walimshika asitumbukie, lakini simu iliyokuwa mkononi ikazama. Hospitali wakasema mshipa umepasuka kichwani. Upande mmoja wa mwili ukafa, ulimi ukafungwa. Alihitaji dawa za bei, na ndege ya kumpeleka mji wenye madaktari wa kichwa. Pesa ya hayo yote alikuwa nayo... ndani ya pochi ile.

Sakina alifika kabla sijamwita. Hata viatu alivyovaa havikufanana. Akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi yake, akaniwekea mkononi mbele ya shemeji zangu, akaniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, maneno yangu njo haya. Leta yako, tuponyeshe papa."

Nikamwambia yangu iko nyumbani. Nilidanganya! Nilirudi nikapindua magodoro na magunia ya chumvi, nikitafuta kitu nilichojua ni majivu. Watoto wangu wakanisaidia kutafuta. Siku ya pili nikasema nimekumbuka maneno mawili, citron na lézard. Yule mpwa wa mume wangu akatikisa kichwa.

"Tantine, inaomba yote sita. Mawili haiwezi."

Siku ya tatu, Sakina akimlisha uji, nikashindwa kuvumilia. Niliwaambia wote wawili: niliichoma, kwa wivu. Nilingoja Sakina anipige. Aliweka bakuli chini, akatoka. Mume wangu alinitazama, chozi likamtoka, akageuza uso ukutani. Hakunitazama tena.

Tuliuza tairi zote kwa bei ya kutupa. Zilitosha dawa za wiki mbili. Ijumaa ya wiki ya pili alifariki. Daktari hakuniambia kwamba pesa ingemwokoa. Hakuniambia pia kwamba isingemwokoa... Nalala na swali hilo, naamka nalo.

Baada ya arobaini nilivuka kwenda kumwomba Sakina msamaha. Alinipa kiti na maji. Alisema neno moja tu:

"Yaya, mimi nilitunza yangu, sababu bila yako haikukuwa kitu."

Sijui kama hayo ni kusamehewa.

Wanawake wenzangu, mke mwenza akikukera, sema! Gomba, lia, rudi kwenu wiki nzima! Lakini usiweke mkono wako kwenye kitu kinachowashika wote. Hasira hasara, tunaisema kila siku, na mimi niliisema mara ngapi? Nanyi akina baba, haki ni nzuri, ila msiwape watu wasiosalimiana nusu nusu ya uhai wenu. Wapatanisheni kwanza!

Juzi nilifungua ile pochi kwenye simu yangu. Bei ya sabuni bado imo, vile alivyonitumia siku ya kujaribu. Ada ya kuirudisha si kitu, na ingefika kabla sijapepesa jicho... Nimrudishie nani?