Mshika Bendera Aliyeyeyuka

Jumamosi, ghorofa ya chini ya jengo la maduka la mjini haipitiki. Watu wanasukumana na mifuko, spika ya duka la simu inapiga kelele, na katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamume mrefu ajabu, ndani ya shati lake moja la maana, akimsubiri mwenye duka la michezo ya mezani amwonyeshe ukuta uliokuwa unabambuka rangi. Alikuwa fundi rangi wa majumba. Wenzake walimwita Ngazi, kwa kuwa penye dari la chini yeye alifika bila kupanda kitu.

Ndani ya duka palikuwa na meza pana yenye vilima vya sponji na mto wa karatasi ya bluu, na juu yake majeshi mawili ya askari wa plastiki, kila mmoja kimo cha kidole gumba, wakipigana kwa kurushiwa dadu na watu wazima wenye ndevu zao. Pembeni alikaa dada mmoja mwenye gauni jepesi la kijani, miwani ya kukuzia imepandishwa kwenye kipaji cha uso. Alikuwa anampaka askari rangi kwenye viatu kwa brashi nyembamba kama unywele. Ngazi akasahau ukuta uliomleta.

"Unaniziba mwanga," dada akasema bila kuinua kichwa. Kisha akainua, akaendelea kuinua mpaka akampata usoni. "Mungu wangu, kumbe kuna mtu huko juu."

Ngazi akacheka, akasogea, akaomba kutazama. Dada akamuuliza kama naye hupaka askari wa namna hiyo. Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu husema hapana. Ngazi akasema, "Miaka mingi sasa."

Uongo mtupu. Maisha yake yote hakuwahi kushika brashi iliyopungua upana wa vidole viwili. Lakini alishaliona lile gauni, alishaisikia ile sauti, na ulimi ukatangulia. Alipoulizwa kazi yake akajibu kwamba yuko kwenye mambo ya ujenzi, akaficha mkono wa kushoto wenye doa la rangi ya mafuta. Aliona haya. Mwanamke kama huyu, alijiambia, atamtaka mtu wa kuta?

Yule dada alikuwa fundi wa meno ya bandia katika kliniki ya meno, na alikuwa mcheshi kupita kiasi. Wakapeana namba. Jioni ya siku hiyohiyo dada akapiga simu, na jioni zilizofuata hazikupita bila simu. Alimwita mrefu wangu. Alimuuliza hali ya hewa ya huko juu. Ngazi alijinunulia askari wake kwa siri, akawa anawapaka chumbani mlango umefungwa, na wote walitoka kama wametumbukia kwenye uji. Siku moja dada akamuuliza kwa nini rangi yake inavimba. Ngazi akakumbuka kuta, akasema aipunguze kwa maji, apake mara mbili, na asiharakishe tabaka la pili. Ikamkubali. Dada akamsifu mpaka Ngazi akatamani ardhi imeze simu.

Baada ya miezi michache walikuwa wapenzi wa kushikana mikono hadharani, na ndipo likaja ombi. Dada alikuwa na baba, mpima ardhi mstaafu, ndiye aliyemfundisha mchezo huu tangu utotoni. Mzee alikuwa amempaka mshika bendera wa jeshi lake, farasi, joho na hatamu, kazi ya kutoa machozi. Vilibaki uso na bendera tu, na kwa mwaka mzima hakumgusa tena. Alisema macho yamechoka.

"Nimalizie, mpenzi," dada akasema, akimwekea mshika bendera kiganjani, amezungushiwa pamba ya kliniki. "Baba hamwamini mtu mwingine kumgusia huyu. Nimemwambia una mkono."

Hapo angesema ukweli, hakusema. Akapokea.

Akajaribu uso kwanza. Mkono uliozoea kusukuma rola ukaangusha tone, tone likafunika macho na pua, mshika bendera akabaki na uso wa boga. Ngazi akajifariji kwamba rangi iliyoharibika hutolewa. Akafanya alichokifanya siku zote brashi zake zikigandamana: akamtumbukiza kwenye kopo la thina, akaenda kula. Plastiki na thina haziketi pamoja, jambo ambalo mtu wa miaka mingi angelijua kabla ya kulala usingizi wake wa kwanza. Aliporudi, farasi alikuwa amepiga magoti, joho limelainika kama ubani uliotafunwa, na bendera haikuwepo. Ngazi alikaa sakafuni, akalia kama mtoto.

Akaacha kupokea simu. Ililia asubuhi, ikalia mchana, naye alilitazama jina likiwaka mpaka likazimika. Mwishowe ukaja ujumbe: kama umepata mwingine, niambie tu. Ngazi aliusoma mara nyingi. Akapima mambo mawili, kuitwa mhuni na kuitwa mwongo asiyejua kushika brashi, na aibu ikamchagulia. Akajibu: samahani, nina mtu. Simu haikulia tena.

Ama kweli njia ya mwongo fupi. Haukupita muda, bosi wake akapata kazi ya kupaka ukumbi wa kliniki moja ya meno, na Ngazi hakuuliza ni ipi mpaka alipokuwa ndani, na ovaroli lake lenye madoa ya nyumba za watu wote, rola mkononi. Mlango ukafunguliwa. Dada akatoka na koti jeupe, vidole vimejaa unga wa plasta. Alikuwa amekonda. Akatazama ovaroli, akatazama rola.

"Mtu wako hajambo?" akauliza.

Ngazi akatazama viatu vyake. "Hakuna mtu," akasema. "Hajawahi kuwepo."

Akamweleza yote palepale, rangi ikidondoka sakafuni. Kwamba yeye ni wa kuta. Kwamba hakuwahi kupaka askari hata mmoja kabla ya kukutana naye. Kopo, thina, farasi. Dada alisikiliza bila kumkatiza, na macho yakamjaa machozi, lakini sauti ilibaki kavu.

"Mimi nilijua unapaka kuta? Sikujua. Ungeniambia ningekucheka siku moja, ya pili nimesahau." Akajifuta plasta kwenye koti. "Lakini ulinipa mwanamke asiyekuwepo, nikashindana naye kila usiku. Uliona afadhali mimi nilie kuliko wewe uchekwe."

Ngazi alijua ndivyo ilivyokuwa. Akasema, "Nisamehe."

"Mimi sijui bado. Askari si wangu. Nenda kamwambie mwenyewe, sitakubebea."

Basi akaenda. Alivaa lile ovaroli makusudi, ili asipate pa kujificha. Mzee alimfungulia mlango, mtu mfupi aliyenyooka, mikono ameifungia mifukoni. Ngazi akamwamkia, akaketi kwenye ncha ya kiti, akaweka kopo mezani na kulifungua. Alieleza tangu mwanzo. Dada alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono kifuani.

Mzee alitazama lile bonge la plastiki ndani ya kopo. Akauliza ilikuwa maji gani.

"Thina, mzee. Ya kuoshea brashi."

"Na binti yangu ukamwambia una mwanamke."

"Ndiyo, mzee. Niliona haya."

Mzee akatoa mikono mifukoni, akataka kumwinua farasi. Mikono ilitetemeka mpaka kopo likagongagonga meza. Akairudisha haraka, lakini wote wawili walishaiona, na binti mlangoni akaziba mdomo. Hakuwa akijua.

"Si macho," mzee akasema, bila kumtazama mtu. "Macho yangu mazima. Mwaka mzima nimewadanganya wenzangu wa mchezo, nikamdanganya na huyu. Kwa hiyo leo sina mdomo wa kukutukana, kijana, ingawa matusi nilikuwa nimeyaandaa."

Kisha mzee akafungua kabati kwa kiwiko, akamwambia Ngazi atoe askari mpya asiye na rangi, wa miguu tu, asiye na cheo, maana wenye vyeo hawezi kumwamini nao. Akamkalisha. Akamfundisha kushikiza viganja viwili pamoja ili mkono utulie, kupumua nje wakati brashi inagusa, kufuta zaidi kuliko anavyopaka. Ngazi alipaka jasho likimtoka, mbele ya mwanamke aliyemdanganya na baba wa mwanamke huyo, na hakuna uchi unaozidi huo. Askari akatoka na makengeza, jicho moja linatazama adui, jingine linatazama nyumbani.

Mzee akamgeuza geuza kwa macho. "Mbaya sana," akasema. "Jumamosi ataingia vitani. Na utamleta wewe mwenyewe, uwaambie wenzangu nani kampaka. Mimi nitawaambia kwa nini sipaki."

Ngazi alipoaga, dada akamsindikiza mpaka getini, hatua moja nyuma yake. Pale getini Ngazi akageuka. Alisema anampenda, kwamba amekuja siku hii akiwa tayari kufukuzwa, na kama angeruhusiwa angemwomba mzee jambo kubwa zaidi ya msamaha. Maneno yalimtoka vibaya, vipande vipande, macho chini.

"Nitazame," dada akasema.

Akainua macho, akamtazama. Dada alikuwa analia, na hakuwa amejificha.

"Leo umekuja kuungama," akamwambia, akimfungulia geti. "Kuposa utakuja siku nyingine, na wakubwa zako. Na ukifika, watangulie kumwambia baba unafanya kazi gani."