Vitambaa Chini ya Godoro

Kila siku akitoka shuleni, Mshale alipitia chumba cha mbele, ambako mama yake alikuwa na cherehani, meza ya kukatia na pasi. Alivua viatu, akachukua sumaku iliyotolewa kwenye redio mbovu, akaiburuta sakafuni kukusanya pini zilizodondoka tangu asubuhi. Kisha alifagia masalio ya vitambaa na kuyatenga: ya pamba kapu hili, ya nailoni kapu lile. Jina la Mshale alipewa na wenzake kwa sababu ya mbio zake, na hata mama yake alikuwa amelizoea.

Siku hiyo mteja mmoja alileta suti ya mumewe ndani ya mfuko wa plastiki. Mama akafungua mfuko, akarudisha kichwa nyuma.

"Dada yangu, suti hii uliikunja mbichi?"

"Ilikuwa na ubichi kidogo tu, fundi. Mvua haikunipa nafasi."

"Nguo haina habari ya kidogo. Ama imekauka, ama haijakauka. Ukiikunja mbichi unaifungia uvundo, na baada ya uvundo ni ukungu. Mshale, mwambie mteja."

"Ianikwe juani mpaka mishono ikauke," Mshale alijibu, kama anayetaja jedwali la kuzidisha.

Mteja akacheka. "Haya, fundi, mrithi umeshampata!"

Mshale alitabasamu, lakini hakuketi. Tangu asubuhi hakutaka kuketi. Muwasho uliomwanza kama mzaha wiki iliyopita sasa ulikuwa haumpi raha darasani wala uwanjani.

Miezi michache kabla ya hapo, Mshale alikuwa amevunja ungo. Mama yake alimletea bunda la vitambaa vya flana vilivyofungwa kwa gazeti, akamkabidhi huku macho yake yakiwa dirishani.

"Sasa umekuwa mkubwa," alisema. "Hivi ni vya siku zako. Mtu asivione. Ficha."

Basi. Mama huyo huyo, ambaye angeweza kuzungumza mchana kutwa juu ya pindo la sketi, aliishiwa na maneno hapo.

Mshale akaficha. Nyumba yao ilikuwa ya wapangaji, ua mmoja na kamba moja ya nguo, na kila aliyekwenda bombani alipita chini ya kamba hiyo. Kwa hiyo alivifua vitambaa vyake harakaharaka, akavitandaza chini ya godoro na kulala juu yake. Siku zake ziliporudi, alivivaa vikiwa bado na ubichi.

Siku ya pili baada ya suti ile, shuleni, alimwendea rafiki yake Kasuku, msichana ambaye habari yoyote haikupoa mdomoni mwake.

"Mbona unatembea kama uliyekalia siafu?" Kasuku alimwuliza.

"Misuli tu. Hebu nikuulize. Kuna mtu ninayemjua, anawashwa... huko chini. Ni ugonjwa gani?"

Kasuku akatoa macho. "Huko? Huyo ana mvulana, mwenzangu! Muwasho huo hauji hivi hivi. Binamu yangu alisema. Tena mtu akiupata hazai maisha. Ni nani? Nitajie!"

"Humjui," Mshale alisema, akaondoka huku masikio yakimwaka.

Mvulana! Mvulana pekee aliyewahi kugusa mkono wake ni yule aliyempa kijiti vibaya katika mbio za kupokezana, tena alimfokea. Lakini nani angemwamini? Akisema anawashwa, mama ataamini kama Kasuku. Atamwona mwongo. Asiposema, huenda asizae maisha. Alichagua kunyamaza. Jioni, bafuni, alijisugua kwa sabuni ya unga, ile ya kufulia. Alidhani akijisafisha sana ugonjwa utatoka. Badala yake alitoka yeye bafuni, akiuma midomo asilie.

Kesho yake alikosa mazoezi. Mwalimu wa michezo akamwita.

"Mshale, keshokutwa nachagua wanne wa kupokezana vijiti. Ukikosa tena, nafasi yako ninampa mwingine. Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu."

Alipofika nyumbani hakumkuta mama kwenye cherehani. Alimkuta chumbani, amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa akitafuta bukta ya zamani ya mwanawe aitumie kupimia bukta mpya ya mashindano. Hakuipata bukta. Pua yake ya ushonaji ilikuwa imempeleka kwenye godoro. Mkononi alishika vitambaa vya flana vyenye madoadoa meusi ya ukungu.

"Mwanangu," alisema polepole, "wewe, uliyekulia kwenye vitambaa? Hujui hiki kinahitaji jua?"

"Najua, mama."

"Sasa?"

"Ulisema nifiche."

 Mama alitazama vitambaa, akatazama uso wa mwanawe uliokonda kwa siku chache tu, akaona jinsi alivyosimama.

"Kuna kinachokuuma?"

Mshale akaangua kilio. "Sina mvulana, mama! Naapa sina!"

"Nani kakuuliza habari za mvulana? Njoo hapa. Njoo uniambie kote kunakouma."

Asubuhi walikwenda zahanati. Nesi aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza Mshale bila kumkatiza, kisha akamwomba mama asubiri nje kidogo.

"Mwanangu, swali hili namwuliza kila anayekuja hapa. Je, kuna mtu yeyote, mkubwa au mdogo, aliyewahi kukugusa kwa namna usiyoipenda?"

"Hapana."

"Sawa. Ikitokea siku yoyote, jua si kosa lako. Sema, na asiyekusikiliza mwache, mtafute mwingine, mpaka usikike. Haya, mama aingie?"

"Aingie."

Nesi aliwaeleza wote wawili. Muwasho una sababu nyingi. Huu, kwa alivyouona, ulitokana na fangasi, wanaopenda joto na unyevu, na sabuni ya unga iliongeza moto juu ya moto. Hata mtoto asiyejua mvulana ni nini anaweza kuupata, na ukitibiwa hauzuii mtu kuzaa.

"Uke," nesi alisema, na Mshale akainamisha kichwa. "Inua uso, mwanangu. Ni jina, kama goti. Ukijua jina la kitu utaweza kusema kinapouma. Ndani uke hujisafisha wenyewe, hauhitaji sabuni. Nje, maji safi yanatosha. Kitambaa badilisha kila baada ya saa chache, kifue, kisuuze vizuri, kianike juani. Na utakapokuwa mtu mzima ukachagua mwenza wako, utahitaji haya haya: kuujua mwili wako, kusema ndiyo au hapana ukasikilizwa, na kutoona haya kwenda kupimwa. Afya hiyo inaanza leo, kwenye kitambaa."

Alimpa dawa na kumwambia asikimbie mpaka maumivu yaishe. Mama alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa michezo kumweleza kwamba binti yake anatibiwa. Mwalimu akaisogeza siku ya kuchagua.

Njiani kurudi, mama alimshika mkono. "Mimi pia niliambiwa nifiche," alisema. "Nilikupa vitambaa, nikakunyima maneno. Nisamehe."

Jumamosi alishona vitambaa vipya vya flana, tabaka juu ya tabaka. Kasuku, aliyekuja kumwona mgonjwa, alisaidia kuvifua. Mshale alikuwa amekwisha kumweleza ukweli, naye kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. Mama akavianika katikati ya kamba, juani, mbele ya ua mzima.

Mpangaji wa chumba cha mwisho akapita na ndoo yake. "Mama fundi! Hizo ni bendera za nchi gani?"

"Nchi ya wanawake, baba," mama alijibu bila kugeuka. "Hata wewe ulizaliwa huko."

Mpangaji akacheka mpaka maji yakamwagika, akaenda zake. Mshale, aliyekuwa amejibanza mlangoni, alitoka.

"Mama, lakini si mambo ya siri?"

"Ni ya faragha, wanangu. Sikilizeni wote wawili. Faragha ni wewe kuamua nani ajue mambo ya mwili wako. Aibu ni kuogopa hata yule anayeweza kukusaidia. Faragha itunzeni. Aibu msiilalie."

Kasuku alinyoosha mkono aanue vitambaa. "Vimekauka hivi."

Mshale alishika ukingo wa kimoja, akauminya kwa vidole.

"Bado," alisema. "Mishono."