Alfonce na Pensheni ya Nemba

Kahawa ikichanua Nyamiaga, kijiji kizima kinanukia. Watu wanafurahi. Huyu anapiga hesabu ya bati, yule anapiga hesabu ya mahari. Lakini nyumbani kwa jirani yangu Alfonce hakuna anayefurahi. Maua yale si yake tena. Ameshayauza.

Huku kwetu Kagera tunaita butura. Mtu ana shida leo, na kahawa bado ni maua. Anakwenda kwa mfanyabiashara, anapewa fedha kidogo. Kahawa ikiiva, anachuma yule aliyetoa fedha. Bei ni nusu, na mara nyingi hata nusu haifiki. Ukiuza mwaka huu, mwakani huna kitu, kwa hiyo unauza tena. Kila mwaka wakubwa wanakuja kutuambia butura ni marufuku. Wakishasema, wanapanda gari. Shida wanatuachia sisi.

Alfonce alikuwa mgambo. Vita vya Uganda vilipoanza, walimchukua pamoja na vijana wengine. Alirudi na mikono yake miwili na miguu yake miwili. Wakampa asante na blanketi. Hakuna aliyerudi kumuuliza, "Alfonce, unalalaje?"

Alikuwa analala vibaya, ila alijikaza. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara, shirika moja lilimpa kazi ya kulinda ghala la chakula. Mshahara ulikuja kila mwezi. Siku zile alicheka, hata kanisani aliimba. Halafu Wanyarwanda wakarudishwa kwao, ghala likafungwa. Walinzi wakaambiwa kwaheri siku hiyo hiyo. Wenye magari walihamia kambi nyingine. Alfonce alirudi shambani, na usingizi ukakimbia kabisa.

Tangu nimzike mke wangu, jioni huwa nakaa kwa akina Alfonce. Mke wangu alikufa akisubiri dawa, na mwenye ufunguo wa dawa alikuwa kwenye semina. Basi, tuyaache hayo. Theodosia, mke wa Alfonce, alikuwa ananiambia mambo ya mumewe.

"Shemeji Leonidasi, mwenzio anazunguka shamba mpaka jogoo awike."

"Na pombe je?"

"Anakunywa ili alale. Halafu halali, na pombe imeisha."

Mwaka 1998, kahawa ilipoiva, wachumaji wa Pancras waliingia shambani kwa Alfonce. Pancras ndiye aliyenunua maua. Mimi nilikuwa napalilia upande wangu wa mpaka. Lori la chakula cha wakimbizi wa Burundi likapita barabarani, likapasua tairi. Paa!

Alfonce alijitupa chini kati ya migomba. Alipoinuka, hakuwa yule ninayemjua. Panga mkononi, macho mekundu.

"Tokeni! Tokeni hapo! Mtatumaliza!"

Wachumaji walitupa vikapu, wakakimbia. Theodosia alikwenda akasimama mbele yake, mikono mitupu.

"Baba Teddy. Ni kahawa. Hawa ni watu wa kahawa tu."

Alfonce akamtazama. Panga likaanguka. Akakaa chini, akalia kama mtu aliyefiwa.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja mbio na kamba. "Mfungeni!"

"Mbuzi ndiye anayefungwa kamba," nilimwambia. "Huyu mlimtuma vitani wenyewe." Alinikasirikia. Mpaka leo hanisalimii, nami sijapungukiwa kitu.

Jioni alikuja Pancras mwenyewe. Si mtu mbaya. Ni mfanyabiashara.

"Mama Teddy, mimi sitaki kesi. Lakini wachumaji wangu hawarudi hapa. Na mumeo ameshakula hata fedha ya maua ya mwakani. Basi anikatie shamba, ule upande wa chini. Nawapa mpaka mwisho wa mwezi."

"Ya mwakani?" Theodosia aliuliza. Hakuwa anajua. Upande wa chini ndiko wamelala wazazi wa Alfonce. Theodosia alikaa kizingitini.

Asubuhi yake alituma ujumbe kwa Swabaha.

Swabaha ni binti wa wafanyabiashara wa mjini Biharamulo. Alikuwa ameajiriwa kufundisha vijiji vya jirani na kambi namna ya kupanga fedha, na chama cha akina Theodosia cha kuweka na kukopa kilikuwa chini yake. Mimi sikumwamini. Nimewaona wengi wanaoshuka garini na kalamu mfukoni. Lakini huyu alifika kwa baiskeli ya kukodi, vumbi mpaka kwenye mtandio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na mama Teddy."

Jibu hilo nililipenda. Nikampisha kigoda.

Alfonce alikuwa amegeukia ukuta. "Fedha sina, binti. Umepotea njia."

"Asiye nazo ndiye wangu. Mwenye nazo ana benki."

"Shida yangu si fedha. Shida yangu iko hapa." Akagusa kichwa.

"Sawa. Usiku ukishtuka, unaona nini?"

Alfonce alijibu akiutazama ukuta. "Naona maiti." Kisha akasema, "Halafu namwona Pancras."

"Basi sikiliza, baba Teddy. Mimi si daktari. Mambo ya vita siyawezi. Hospitali ya wilaya kuna muuguzi wa maradhi ya mawazo na hofu, yeye ndiye anayeyajua. Lakini Pancras tunaweza kumtoa kichwani mwako hapa hapa nyumbani. Mtu mwenye deni la siri halali, hata kama hajaona vita. Wewe unabeba vyote viwili. Tupunguze kimoja, upate nguvu ya kingine."

"Muuguzi wa vichaa? Wanicheke?"

"Kwani ukienda kung'oa jino, unakuwa jino?"

Mimi ndiye niliyecheka kwanza. Alfonce akageuka kutoka ukutani.

Swabaha aliomba bakuli la maharage na mkeka. "Haya yote ni fedha mliyopata tangu kahawa iliyopita," alisema. "Nionyesheni imekwenda wapi. Asimlaumu mtu mwenzake. Tunaweka maharage tu."

Theodosia alitenga fungu la chumvi na mafuta ya taa. Fungu la shule. Fungu la kanisa na misiba. Alfonce alisogeza fungu la pombe, uso chini. Lakini bakuli lilikuwa bado na maharage mengi.

"Na haya?" aliuliza Swabaha.

"Haya ni ya Nemba," alisema Theodosia. "Kila mwaka anakwenda Nemba, huko Biharamulo. Nimenyamaza miaka yote hii. Kuna mwanamke."

"Yupo," alisema Alfonce.

Nilitaka kuondoka. Swabaha alinishika mkono. "Kaa, mzee. Baba Teddy, maliza maneno yako."

Akaanza polepole. Vitani alikuwa na rafiki, jina lake Luhende, mtu wa Nemba. Walikula sahani moja. Luhende alipigwa risasi akiwa karibu naye kama mimi nilivyokuwa karibu na mlango pale. Kabla ya kukata roho alisema, "Francisca wangu asilale njaa." Francisca ni mke wake. Alfonce aliporudi alikwenda Nemba, akamkuta mjane na watoto, na hakuna mtu wa serikali aliyewahi kufika.

"Nilijua hela ya mgeni hataipokea. Nikamwambia ni pensheni ya mumewe. Nikamwambia nimetumwa na serikali kumletea."

"Ukauza maua yetu," alisema Theodosia, "ili ulipe pensheni ya serikali?"

"Ningeacha, angekwenda kudai bomani. Ningeumbuka."

Ndugu msomaji, hapo nilitoka nje nikatema mate. Waliopaswa kumlipa yule mama walikuwa wamekaa vitini, na mtu asiye na viatu anawalipia.

Niliporudi, Theodosia alikuwa analia, lakini ameshika goti la mumewe. "Ungeniambia mimi. Tungelima mihogo ya ziada."

Swabaha alirudisha maharage bakulini. Kisha akasema, "Deni hili lina mizizi miwili. Tuanze na wa Pancras."

Siku iliyofuata Pancras aliitwa. Mimi nilikuwa shahidi. Swabaha hakumtukana wala hakumbembeleza.

"Ukichukua shamba, una kesi ya ukoo mzima, na makaburi yamo ndani. Hutalala wewe. Kahawa iliyopo sasa ni yako, umeshailipia. Itachumwa na wenyewe, wataileta kwako. Mauzo ya maua ya mwakani tuyafute, fedha uliyotoa iwe mkopo. Watakulipa kwa kahawa iliyoiva, kwa bei ya msimu, misimu miwili."

"Na mimi napata faida gani?"

"Unapata fedha yako, na wachumaji wako wanabaki na shingo zao."

Pancras alikuna kichwa. "Dada, wewe ungekuwa dukani kwangu ningetajirika." Akakubali. Tukashikana mikono mbele ya watu.

Chama cha akina mama kilimkopesha Theodosia fedha kidogo kwa riba ndogo, ya kuvuka miezi ya njaa. Ni miezi hiyo inayotufanya tuuze maua. Mtu akiivuka, kahawa inaiva ikiwa mali yake. Na Alfonce alikubali sharti moja: hakuna fedha itakayotoka au kuingia nyumba ile mmoja wao asijue.

"Bado Nemba," alisema Swabaha.

"Huko siwezi," alisema Alfonce. "Afadhali nirudi vitani."

"Huendi peke yako."

Walikwenda wawili, Alfonce na mkewe, nami wakanichukua niwe mzee wao. Siku zile basi la Biharamulo lilikuwa linasubiri askari wa kulisindikiza porini, kwa ajili ya majambazi. Askari alipopanda na bunduki, Alfonce alianza kutoka jasho. Theodosia alimshika kiganja. "Hesabu migomba yako kwa majina," alimwambia. Tulivuka pori lote akinong'ona majina ya migomba. Abiria walidhani anasali.

Francisca alitupokea kwa vigelegele. Ni mama mnene, mcheshi, mwenye sauti.

"Mwanajeshi wangu! Mwaka huu umechelewa! Nilikwenda bomani kuuliza pensheni yangu, wakaniambia jina langu hawalijui. Nikawagombeza mpaka wakafunga dirisha! Halafu mimi nilivyoisifu serikali hii Nemba nzima! Kura zote nimewapa!"

Alfonce alipiga magoti. "Shemeji, nisamehe. Hapakuwa na pensheni. Ilikuwa kahawa yangu."

Francisca alimtazama. Akamtazama Theodosia. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na kicheko kikageuka kilio.

"Sasa zile sifa," alisema, "nizirudishe wapi?"

Kisha akafuta macho, akakasirika kweli. "Alfonce, watoto wangu wamekua. Nina mihogo, nina mbuzi. Fedha nilikula, asante. Lakini miaka yote umekaa kwenye kigoda hicho, unaweka noti mezani, unakimbilia basi. Hujaniambia hata siku moja Luhende wangu alikufaje. Mimi nililitaka hilo."

Alfonce alikaa. Alieleza kuanzia asubuhi ya siku ile. Alieleza Luhende alivyokuwa anatania, alivyoanguka, alizikwa na nani, na jina la mwisho alilotaja. Francisca aliuliza maswali mengi. Alfonce alijibu yote, jasho likimtoka, machozi yakimtoka. Tulipomaliza, ugali ulikuwa umepoa. Tuliula hivyo hivyo.

Usiku ule tulilala Nemba, wanaume kwenye chumba kimoja. Alfonce alikoroma vibaya sana. Sikumwamsha.

Sitadanganya kwamba vita vimemtoka. Tairi likipasuka bado anashtuka. Ila panga haligusi. Kila mwezi anakwenda hospitali kuongea na yule muuguzi, na anakunywa dawa alizopewa. Pombe ameipunguza, maana usingizi unakuja bila kununuliwa. Msimu uliofuata walichuma wenyewe, wakauza kahawa iliyoiva, wakamlipa Pancras sehemu yake. Wazazi wa Alfonce wamelala pale pale upande wa chini, hawajasumbuliwa na mtu.

Siku hizi wenzake wa mgambo wanakuja kumuuliza. Anawaambia, "Kaa na mkeo, useme deni lote, hata lile la aibu. Tafuta mtu anayejua fedha akusaidie kupanga. Na kichwa kipeleke hospitali." Mimi naongeza: msisubiri wakubwa. Tumewasubiri sana.

Wakati wa mavuno ya msimu ule uliofuata tulimwona mama mnene anashuka barabarani, jogoo kwapani, anawagombeza watoto wa shule wampishe njia. Alikuwa Francisca. Alikuja kusaidia kuchuma, akakaa wiki nzima. Hata salamu hajamaliza, akamwekea Theodosia jogoo mikononi.

"Shika, mwenzangu. Na mumeo asikudanganye. Huyu hajatoka serikalini."