Beringi Iliyoambiwa Ikae

Gurudumu la nyuma lilikuwa juu ya jeki, injini imezimwa, na bado lilikuwa likizunguka. Mshonaji alilitazama kutoka mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasonya.

Gari hilo la kale aliachiwa na marehemu baba yake. Siku lilipoletwa, mumewe, fundi magari mwenye hasira za karibu, alimtukana marehemu mbele ya ndugu wote, eti mzee bahili aliyeshindwa hata kununua grisi. Tangu hapo mshonaji alitaka neno moja tu, samahani, na hakulipata. Alikuwa amechoka kungoja.

Jana mume aliichomoa ekseli, akang'oa sili, zile pete za mpira zilizokauka na kuvujisha oili hadi kwenye breki. Beringi mpya ikagoma kukaa. Akaitwanga nyundo huku akibwata, "Ingia! Ingia ukae humo, usitoke mpaka uambiwe!"

Kumbe kuna aliyesikia. Sasa gurudumu lilivuma, ua mzima ukanuka nywele zilizoungua, na mume alipolishika alisimamishe likapumua, pumzi nzito ya kitu kilichobanwa mahali padogo, ikampanda mkononi hadi shingoni mpaka akaanguka chali akitetemeka kama mwenye homa, na kutoka ndani ya chuma sauti isiyo ya mtu ikasema taratibu, "Nimekaa."

"Mke wangu, usisogee," alinong'ona.

Mganga alipoitwa hakufungua hata mkoba wake. Alinusa tu. "Umemwita jini kwa matusi. Mwombe kwa adabu, atatoka."

Mume akapiga magoti kwenye oili. "Samahani, mkubwa wangu. Nimekosa. Nisamehe sana, tafadhali toka."

Gurudumu likapunguza mwendo. Harufu nayo ikaanza kufifia.

Damu ikamchemka mshonaji. "Kumbe neno hilo unalijua! Jini wa jana tu unampigia magoti. Baba yangu je?"

"Si sasa, mke wangu, anakaribia kutoka..."

"Kila siku si sasa!" Akampita mganga, akabandika kiganja kwenye chuma kilichokuwa kikifuka moshi, wala hakikumuunguza. "Wewe usitoke. Kaa humo humo."

Mganga akashika mkoba wake, akarudi kinyumenyume hadi getini. Gurudumu likavuma upya.

"Mpaka lini?" sauti ikauliza.

Mshonaji alimtazama mumewe, magoti bado chini.

"Muulize huyo."